Jinsi ya Kumkuza Adui Mdogo wa Hadithi: Mwongozo kwa Waandishi wa Jukwaa na Filamu

Katika riwaya ya L. Frank Baum, The Wonderful Wizard of Oz, iliyochapishwa Marekani mwaka 1900, Mchawi Mwovu wa Magharibi hana nafasi kubwa. Kitabu kina sura 24. Mchawi huyu anatajwatajwa na wengine mwanzoni, anatokea mwenyewe katika sura ya 12, na kabla sura hiyo haijaisha msichana Dorothy, shujaa wa kitabu, amemmwagia ndoo ya maji, naye ameyeyuka. Nusu ya kitabu inabaki, na msomaji anaimaliza bila yeye. Ni adui wa kituo kimoja katika safari yenye vituo vingi.

Mwaka 1939 studio ya MGM iliitoa hadithi hiyo kama filamu, chini ya mwongozaji Victor Fleming. Humo mchawi yuleyule anamwandama Dorothy karibu tangu anapokanyaga nchi ya Oz. Mwaka 2003 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipotangaza orodha ya maadui 50 wakubwa katika filamu za nchi hiyo, yeye alishika nafasi ya nne. Na hapa ndipo mwandishi anapaswa kutega sikio: katika filamu inayopita dakika 100, muda anaoonekana kwenye skrini hukadiriwa kuwa dakika 12 hivi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayechukua riwaya, utendi au ngano na kuifanya mchezo wa jukwaani, mchezo wa redio, filamu au tamthilia ya televisheni, kisha ukaona kwamba shujaa wako hana mtu wa kusimama mbele yake. Unaangaza macho kitabuni, unamwona mtu mbaya mmoja aliyepita kurasa chache, unajiuliza kama anaweza kubeba uzito huo. Anaweza. Ila hatakua kwa kuongezewa ukatili, wala kwa kuongezewa maneno ya kusema. Atakua siku ambayo maamuzi ya shujaa yataanza kumtegemea yeye. Yote yanayofuata yanatoka katika hoja hiyo moja.

Kwanza, hakikisha hadithi inamhitaji

Msomaji wa riwaya huweka kitabu chini, akala, akalala, akarudi kesho. Kila sura inaweza kuwa na hatari yake na asichoke. Mtazamaji hana nafasi hiyo. Amekaa kitako saa moja na nusu au mbili, na asipoona nguvu moja inayomsukuma shujaa kutoka mwanzo hadi mwisho, ataona visa vilivyopangwa foleni. Ndiyo sababu filamu ya 1939 iliacha karibu visa vyote vya nusu ya pili ya kitabu cha Baum: miti inayopigana inayolinda msitu, nchi ya watu wa kauri, buibui mkubwa anayeuawa na Simba, mmoja wa wasafiri wenzake Dorothy. Kila kisa kina raha yake kitabuni, lakini hakuna uzi wa adui mmoja unaovishona pamoja.

Kuna hadithi, hata hivyo, ambazo zinadhurika ukizipa adui mkubwa. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa anaangamia kwa mambo mengi yaliyoungana: ukali na ulevi wa Zakaria baba yake, malezi ya kufungiwa, wanaume aliokutana nao, na uamuzi wake mwenyewe. Ukimteua mwanamume mmoja kati ya hao ukamfanya shetani wa mchezo wako, umewaachia wengine wote, pamoja na jamii iliyomlea binti huyo. Kezilahabi alikuwa anatuuliza swali sisi sote. Wewe utakuwa umelielekeza kwa mtu mmoja.

Jipime hivi. Andika sentensi moja inayosema nani au nini kilisababisha mwisho wa hadithi. Kama sentensi hiyo inataja njaa, bahari, desturi au jamii nzima, muache adui mdogo akae alipo. Kama inataja tamaa ya mtu, endelea.

Msome upya ukiwa na kalamu mkononi

Usibuni lolote kabla hujakusanya kila kilichomo kitabuni kumhusu. Gawa karatasi sehemu tatu: anachofanya mwenyewe, wanachosema wengine juu yake, na anachoshindwa au kuogopa kufanya.

Kwa Mchawi wa Magharibi, karatasi hiyo ingejaa haraka. Ana jicho moja lenye uwezo wa kuona mbali kama darubini. Anatuma mbwamwitu 40, halafu kunguru 40, halafu nyuki weusi, halafu watumwa wake wa kabila la Winkie, na wote wanashindwa. Ana kofia ya dhahabu inayompa amri tatu tu juu ya kima wenye mabawa, na hii inayomleta Dorothy ni ya mwisho. Anaogopa giza. Anaogopa maji, na hayagusi kamwe. Hawezi kumdhuru Dorothy kwa sababu binti huyo ana alama ya busu la mchawi mwema kwenye paji la uso. Na akishaviona viatu vya fedha miguuni pa Dorothy, anavitamani.

Hapo kwenye viatu ndipo penye siri. Kitabuni tamaa hiyo inachelewa: mchawi anajua habari za viatu Dorothy akiwa tayari mateka wake. Waandishi wa filamu hawakuvumbua tamaa mpya. Waliichukua iliyokuwapo wakaisogeza mwanzo wa hadithi.

Zoezi hili lina faida ya pili. Mpenzi wa kitabu ataudhika akiona umemleta mtu asiyemjua. Ataridhika zaidi akitambua kwamba ulichokikuza kilikuwamo, na kwamba yeye alikipita bila kukiona.

Mpe haja moja, na haja hiyo igongane na ya shujaa

Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini ni lazima kwanza zizi liwe moja. Waandishi wengi huwapa maadui wao haja zinazoelea: kutawala dunia, kulipiza kisasi kisichojulikana chanzo, roho mbaya tu. Shujaa naye anataka jambo lake upande wa pili, basi wanakutana kwenye ngumi za mwisho bila kujua wanagombania nini.

Filamu ya 1939 ililitatua hili kwa undugu. Kitabuni wale wachawi wawili waovu, wa Mashariki na wa Magharibi, si ndugu. Filamu iliwafanya kuwa dada. Sasa nyumba ya Dorothy inaporushwa na kimbunga na kumwangukia Mchawi wa Mashariki, yule wa Magharibi anafika akiwa mfiwa. Dada yake amekufa, na viatu vya marehemu vimevishwa miguu ya msichana mgeni ambaye nyumba yake ndiyo iliyomuua. Tazama jambo hilo kwa jicho la mirathi: mchawi ana dai. Ni katili, lakini ana dai. Na viatu hivyohivyo ndivyo vitakavyomrudisha Dorothy nyumbani Kansas, ingawa mwenyewe bado hajui. Kitu kimoja, watu wawili, na hakuna anayeweza kukiachia bila kupoteza kila kitu.

Unapotafuta haja ya adui wako, ipitishe katika mizani tatu. Kwanza, iwe kitu kinachoonekana au kushikika: shamba, hati, pete, kiti, mtoto, viatu. Mtazamaji hawezi kuiona chuki yenyewe, lakini anaona mkono unaonyooshwa kuelekea kitu. Pili, mwenyewe aamini ni haki yake. Mwandikie ukurasa mmoja akijitetea mbele ya kadhi au baraza la wazee, kwa heshima na kwa hoja, asitukane mtu. Ukishindwa kuuandika, bado humjui. Tatu, shujaa asiweze kumpa kitu hicho mambo yakaisha. Akiweza, mtazamaji atauliza kwa nini hampi.

Chukua mama wa kambo wa ngano zetu, ambaye humtesa mtoto wa mke mwenzake kwa sababu tu ni mama wa kambo. Mpe mwanawe wa kuzaa, na shamba moja ambalo mzee ameliandika kwa jina la mtoto wa kwanza. Mateso yatakuwa yaleyale, lakini sasa kila kofi lina sababu, na mtazamaji ataogopa zaidi kwa kuwa anaelewa.

Mlete mapema, kisha msambaze

Waandishi wa filamu ya Oz hawakungoja hata tufike Oz. Walimbuni Miss Gulch, mwanamke tajiri wa Kansas ambaye hayumo kitabuni, anayekuja na amri ya kisheria kumchukua Toto, mbwa wa Dorothy, kwa sababu alimng'ata. Mwigizaji Margaret Hamilton alimcheza yeye na Mchawi wa Magharibi. Ndani ya kimbunga Dorothy anachungulia dirishani, anamwona Miss Gulch akiendesha baiskeli hewani, na baiskeli inageuka ufagio. Kwa hiyo mtazamaji anapofika Oz, amekwisha kumjua adui. Hofu haianzi upya, inaendelea.

Baada ya hapo mchawi anaonekana kwa vipande vifupi: anatokea katika moshi mwekundu, anasimama juu ya paa na kumtupia moto Sanamu wa kutishia ndege, mwenzake Dorothy safarini, anaandika vitisho angani kwa ufagio. Zaidi ya yote, anaonyeshwa akiwatazama wasafiri ndani ya tufe lake la kioo. Tukishajua kwamba anawaona, yuko nao hata pale asipoonekana, na hivyo ndivyo dakika 12 zinavyotosha.

Katika mswada wako, gawa hadithi vipande vinane vyenye urefu unaokaribiana. Katika kila kipande, adui awe ameacha alama: barua, mjumbe, mlango uliofungwa, mtu aliyebadilika ghafla kwa kuogopa. Mwili wake uutumie mara chache. Kwenye redio jambo hili ni rahisi zaidi, kwani sauti moja, kikohozi au mlio wa bakora sakafuni, inatosha kumleta chumbani.

Mkabidhi misukosuko isiyo na mwenyewe

Karibu kila kitabu kina taabu zinazompata shujaa kwa bahati mbaya: gari linaharibika, barua inapotea, mtu anaugua. Hizo ni mali ya bure kwa mwandishi anayemkuza adui. Chagua chache, umpe yeye.

Kitabuni, shamba la maua ya afyuni linalowalaza usingizi Dorothy na Simba ni sehemu ya maumbile tu. Mtu yeyote angepita pale angelala. Kwenye filamu ni mtego wa mchawi. Kisa ni kilekile, urefu unakaribiana, lakini sasa kina mkono nyuma yake, na kila kinachotokea baadaye kinatiliwa shaka.

Profesa Moriarty ni mfano mwingine mzuri. Arthur Conan Doyle alimbuni mwaka 1893 katika hadithi fupi ya The Final Problem, kwa sababu alitaka kumuua Sherlock Holmes na alihitaji mtu wa kuanguka naye maporomokoni Reichenbach. Katika hadithi hiyo Watson, anayetusimulia, hakutani naye ana kwa ana. Anamwona kwa mbali tu. Lakini vizazi vya filamu na televisheni vimemfanya adui wa maisha wa Holmes. Kampuni ya Granada ya Uingereza, katika mfululizo wake ambamo Jeremy Brett alimcheza Holmes, ilifanya jambo la busara mwaka 1985. Ilichukua The Red-Headed League, hadithi ya wizi wa benki ya mwaka 1891 isiyomtaja Moriarty hata kidogo, ikamweka yeye nyuma ya mwizi John Clay. Kipindi kilichofuata kikawa The Final Problem. Mtazamaji akafika maporomokoni akijua Holmes amemharibia nani kazi.

Lakini usimpe kila kitu. Kimbunga kilichomchukua Dorothy hakikutumwa na mchawi, na ni vizuri hakikutumwa. Dunia ambayo kila jani linaloanguka limeangushwa na adui ni dunia ndogo, na mtazamaji huacha kuiamini. Misukosuko miwili au mitatu inatosha.

Pia kagua yanayopingana. Doyle alipomrudisha Moriarty katika The Valley of Fear, iliyoanza kuchapwa mwaka 1914, aliiweka hadithi hiyo kabla ya The Final Problem. Humo Watson anamfahamu Moriarty kwa sifa, ilhali katika The Final Problem alisema hajapata kumsikia. Kila ukimsogeza adui nyuma katika wakati, pitia mswada wote uulize: sasa nani anajua nini, na tangu lini?

Mwekee kizuizi, na kifo chake kitoke kwenye haja yake

Adui akishakuwa mkubwa, swali moja litakufuata: kwa nini hammalizi shujaa siku ya kwanza? Lazima uwe na jibu ndani ya hadithi. Baum alikuwa na alama ya busu pajini. Filamu iliiacha alama hiyo ikaweka sharti jingine: viatu havivuki miguuni pa Dorothy maadamu yu hai, na vyenyewe vina nguvu ya kumlinda, hivyo kumuua kunahitaji hadhari. Kizuizi kizuri hutoka kwenye kitu kilekile kinachogombaniwa.

Mwisho nao ufuate kanuni hiyo. Kitabuni mchawi anamtega Dorothy kwa chuma kisichoonekana, anapata kiatu kimoja, na Dorothy kwa hasira anammwagia maji. Kwenye filamu anamwasha moto Sanamu, na Dorothy, akikimbilia kumwokoa rafiki, anarusha maji yanayompata mchawi usoni. Njia ni mbili, kanuni moja: anakufa kwa tendo lake mwenyewe. Na moto ule tulikwisha kuuona juu ya paa, tukajua Sanamu anauogopa kuliko kitu chochote, kwa hiyo ndoo haikuanguka kutoka mawinguni. Adui mdogo anaweza kufa kwa ajali. Adui mkubwa akifa kwa ajali, umemdhulumu mtazamaji.

Hesabu anachopoteza shujaa

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Mchezo wako una muda maalumu, na kila dakika unayompa adui umeitoa kwa mtu mwingine.

Katika The Hobbit ya J. R. R. Tolkien, iliyotoka mwaka 1937, Azog ni jina tu: Gandalf anamtaja kama muuaji wa Thror, babu yake Thorin, kiongozi wa safari. Viambatisho vya The Lord of the Rings vinaeleza zaidi: Azog alimuua Thror akamwandika jina lake usoni, vita vikazuka, na mwishowe Azog mwenyewe akauawa na Dáin mlangoni pa Moria, miaka mingi kabla safari ya Bilbo, shujaa wa kitabu, haijaanza. Peter Jackson, katika filamu zake tatu za 2012, 2013 na 2014, alimfanya Azog aponee vita hivyo, mkono mmoja ukiwa umekatwa na Thorin, kisha amsake Thorin hadi wauane juu ya barafu.

Kwa Thorin, faida ni kubwa. Kisasi chake kina uso, na kiburi kitakachomwangusha kina mtu wa kukichochea. Lakini msikilize Bilbo. Kitabuni, wakati yeye na wenzake wamepandishwa mitini na mbwamwitu, Bilbo ni mtu mdogo mwenye hofu. Tai wanapokuja kuwaokoa, nusura asahaulike, ananing'inia miguuni pa Dori. Imani ya wenzake anaipata polepole baadaye, kwa kupambana na buibui msituni na kwa kuwatorosha kutoka gereza la mfalme wa Elf. Kwenye filamu, kwa kuwa Azog yuko pale na Thorin ameanguka, Bilbo anachomoa upanga na kumkinga, na filamu ya kwanza inaisha Thorin akimkumbatia. Imani iliyopaswa kujengwa kwa safari nzima imelipwa mapema, na filamu mbili zilizobaki zinapaswa kutafuta kitu kingine cha kumpa Bilbo. Kwa maoni yangu hazikukipata cha kutosha.

Basi kabla ya kumwingiza adui katika tukio, andika shujaa wako anajifunza nini hapo, na kama bado atakuwa na jambo la kujifunza baadaye. Mahali adui anapomlazimisha shujaa kuwa jasiri mapema mno, muondoe hapo.

Usimjenge kwa kasoro za mwili

Ngozi ya kijani ya mchawi ni ya filamu, Baum hakuiandika. Azog ana chuma mahali pa mkono. Ni njia ya mkato ya zamani: mtazamaji aone kilema, ajue ubaya.

Kwetu njia hiyo ina damu. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Usukumani macho mekundu ya bibi kizee, ambayo kwa wengi ni alama ya miaka ya moshi wa jikoni, yamewahi kuchukuliwa kuwa ushahidi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za aina hiyohiyo. Mchezo wako wa shule au filamu yako ikimweka kikongwe mwenye macho mekundu kama kiini cha maovu yote, watu watatoka ukumbini wakiwa wameongezewa sababu ya kumwogopa jirani yao.

Nakusihi uliweke jambo hili mbele ya yote mengine humu. Adui wako atambulike kwa anachokitaka na anachokifanya ili akipate. Mvalishe vizuri. Mpe sauti ya upole. Akiwa na haja iliyoandikwa sawasawa, hatahitaji jicho bovu.

Kama huruma imemhamia, tafuta mpinzani mwingine

Wakati mwingine utamwandikia adui utetezi mzuri hadi utajikuta uko upande wake. Gregory Maguire alifika huko katika riwaya yake Wicked ya mwaka 1995, akampa mchawi jina, Elphaba, utoto na dhamiri. Mchezo wa muziki uliotokana nayo ulianza Broadway mwaka 2003, na filamu yake ya kwanza, iliyoongozwa na Jon M. Chu, ikatoka mwaka 2024.

Angalia walichofanya. Mchawi alipokuwa shujaa, kiti cha adui kilibaki wazi, na hakikuachwa wazi. Mchawi Mkuu wa Oz, ambaye kwa Baum ni mzee mwongo asiye na madhara makubwa, akawa mtawala anayewanyang'anya wanyama wanaosema haki zao, na Madame Morrible akawa mkono wake. Kwa maneno mengine, adui mdogo mwingine alikuzwa. Ukihisi huruma inahama, usiizuie, lakini amua mapema nani atasimama upande wa pili.

Zoezi la nyumbani: mtoto wa Liyongo

Tujaribu haya kwenye kazi yetu. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mpinzani mkubwa ni Sultani wa Pate, anayeogopa Liyongo atamnyang'anya ufalme. Mtoto wa Liyongo anaingia kuelekea mwisho: Sultani anamrubuni kwa ahadi ya kumwoza binti yake, naye mtoto anamdadisi baba yake siri ya kifo chake, kisha anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini msikilizaji hana muda wa kumjua anayekula.

Mfanye awe mpinzani mkuu wa mchezo wako. Haja yake: nafasi ndani ya jumba la Sultani, kando ya kiti kilekile ambacho baba yake amenyimwa. Mlete mapema: awe Pate wakati baba yake yuko gerezani, aone mkate wenye tupa ndani yake ukipelekwa, asikie ngoma ya gungu ikipigwa kufunika sauti ya pingu zinazokatwa, na watu wote wakiimba jina la baba. Mkabidhi msukosuko mmoja, kwa mfano habari zilizovuja kuhusu mahali Liyongo alipojificha. Kizuizi kipo tayari: hakuna ajuaye siri isipokuwa Liyongo, na hakuna atakayeambiwa isipokuwa anayependwa. Kwa hiyo kilele cha mchezo ni pale mtoto anapouliza na baba, akiwa ameanza kuhisi hila, anamjibu. Kifo kinafuata tu.

Pima gharama: mama yake Liyongo na kijakazi Saada watapungukiwa na dakika. Hao ndio waliomwokoa, kwa hiyo dakika zao zilinde, uzitoe kwa askari na mawaziri.

Kuhusu haki za kazi

Utendi wa zamani na riwaya ya Baum unaweza kuzitumia. Kazi ambayo mwandishi wake yu hai, au warithi wake bado wana haki, inahitaji ruhusa ya maandishi, na mabadiliko makubwa ya mhusika yatajwe ndani ya ruhusa hiyo. Kuhusu hakimiliki, Tanzania waulize COSOTA, Kenya waulize KECOBO. Kumbuka pia kwamba nyongeza za waliokutangulia ni mali yao. Viatu vya Baum ni vya fedha. Viatu vyekundu vya yakuti ni vya filamu ya MGM, na Disney walipovitaka katika Return to Oz ya mwaka 1985 walilazimika kuvilipia. Rudi kwenye kitabu cha asili, uchukue kutoka hapo.

Jaribio la mwisho

Mswada ukiisha, mpe mtu mwingine akusomee kwa sauti kutoka mwanzo, lakini aruke kila mahali alipo adui, na kila alama aliyoacha. Wewe sikiliza maamuzi ya shujaa tu. Kama shujaa bado anaondoka nyumbani siku ileile, anamwamini rafiki yuleyule, anavuka mto uleule na kufanya chaguo lilelile la mwisho, basi adui wako ameongezwa maneno lakini hajakua. Rudi kwenye haja yake uanze tena. Kama shujaa anakwama, haelewi anakimbia nini wala anang'ang'ania nini, kazi imefanyika. Mpelekee mwongozaji.